Kamina: Siku kivuli cha mlingoti kilipopotea

KAMINA, Haut-Lomami – Ilikuwa saa sita na nusu mchana, mwishoni mwa Februari. Binti mmoja wa sekondari alisimama katikati ya uwanja wa shule yao akiwa na mita ya fundi mkononi, akitafuta kivuli cha mlingoti wa bendera. Hakukiona. Mvua ilikuwa imepumzika tangu jana yake, anga lilikuwa safi, jua linachoma utosi. Alizunguka mlingoti mara mbili kama mtu aliyeangusha sarafu. Kivuli kilikuwa kimejikunja kwenye shina la mlingoti wenyewe, hata kidole kisingepata pa kujificha.

Kazi aliyopewa, ukiisoma kwenye daftari, haikuwa na makuu. Mwalimu wa hesabu alitaka kila mwanafunzi apime urefu wa mlingoti bila kuupanda. Unapima kivuli chini kwa mita. Unakwenda mahali kivuli kinapoishia, unachungulia ncha ya mlingoti kwa raporta iliyofungwa uzi na kijiwe, unasoma pembe. Halafu unazidisha kivuli kwa tanjenti ya pembe hiyo, na urefu umeupata. Ijumaa madaftari yawe mezani kwa mwalimu. Sasa kama kivuli hakipo, unasimama wapi? Na unazidisha nini?

Wenzake hawakuwa na tatizo hilo, kwa sababu wengi hawakutoka hata nje. Katika kundi la WhatsApp la darasa, tangu usiku uliotangulia ilikuwa inazunguka picha ya daftari la mwaka uliopita, jibu limepigiwa mstari: mita 8. Wakanakili. Hakuna aliyejiuliza kama mlingoti ni ule ule. Na haukuwa ule ule. Wa zamani ulikuwa wa mti, upepo wa mvua ukauangusha, mafundi wakasimamisha bomba la chuma mahali pake. Bomba lile, mtu yeyote mwenye macho angeona, halifiki mita 8.

Binti mwenyewe, ambaye jina lake libaki kwao nyumbani, alikuwa mwaka wa tatu wa umanite, sehemu ya sayansi. Ni mwaka ambao wazazi wengi wa Kamina bado wanauita darasa la tano. Hapo ndipo trigonometria inapoingia kwa miguu yote miwili, na fizikia nayo inaacha masimulizi na kuanza kudai hesabu. Mwezi wa kumi na mbili alirudi nyumbani na karatasi ya matokeo yenye alama mbili za wino mwekundu: hesabu, na fizikia. Ya fizikia ilikuwa 31 juu ya 100.

Mama yake anauza samaki wakavu wanaotoka upande wa Bukama na maziwa ya Upemba. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilifanywa ya bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari haikuguswa na bure hiyo, na kila muhula samaki wengi wanaingia shuleni kwa njia ya karo. Kwa hiyo mama alipoiona karatasi hakupiga kelele. Alisema tu, akiendelea kupanga samaki kwenye beseni:

“Mwaka mmoja sitaulipa mara mbili. Pasaka ikikuta wino huu mwekundu ungali hapa, utaingia kushona.”

Cherehani ya shangazi ilikuwa tayari inangoja. Na kushona si aibu. Kuna washonaji katika mji huu wanaolisha nyumba zao kuliko walimu wengi. Lakini binti alitaka mambo ya umeme. Ukikulia karibu na reli ya Kamina unajua sababu. Kutoka Lubumbashi njia ya reli imetandikiwa waya wa umeme juu, na waya huo unaishia hapa. Ukiendelea upande wa Kananga na Ilebo, au upande wa Kabalo, injini ni za mafuta. Mtoto anayepita kila siku chini ya waya unaokoma mjini kwao lazima siku moja aulize kwa nini unakoma. Yeye aliuliza tangu akiwa mdogo, na hakuna aliyemjibu vizuri.

Msaada alishautafuta kabla ya Februari. Kwanza kwa simu. Alikuwa na zoezi lililodai tanjenti ya 35, akafungua kikokotoo cha simu ya mama yake, kikampa 0.47. Rafiki yake, kwa simu nyingine, akapata 0.70. Waligombana mpaka wakaacha kusemeshana siku mbili, kila mmoja akiitetea simu yake. Simu zote mbili zilikuwa sawa. Moja ilikuwa imewekwa kuhesabu pembe kwa digrii, nyingine kwa radiani, na hakuna mtu aliyewaambia kwamba kuna chaguo hilo kwenye kona ya kioo. Mwanafunzi mwenye simu na afanye hivi kabla ya zoezi lolote: aiulize simu sinusi ya 30. Ikijibu 0.5, iko kwenye digrii na aendelee. Ikijibu nambari yenye alama ya kutoa, kama -0.98, simu inasema radiani na yeye anasema digrii, na hapo hawataelewana hadi kesho.

Halafu akajaribu masomo ya jioni ya kulipia, yale ambayo vijana wanayatangaza kwa karatasi zilizobandikwa ukutani. Alikwenda mara tatu. Kijana aliyefundisha alikuwa mwepesi wa mkono: anaandika swali, anaandika kanuni, anaandika jibu, anafuta. Kwenye ubao kila kitu kilikuwa wazi. Nyumbani, mbele ya swali jipya, kiza. Kanuni ya SOH-CAH-TOA aliijua kwa kuimba, kama watoto wote wa sekondari wanavyoiimba. Ila ukimwonyesha pembetatu iliyolala ubavu, hakujua upande upi unaitwa mkabala na upi unaitwa jirani. Pesa za mara ya nne hazikupatikana.

Basi siku ile ya mlingoti alirudi nyumbani bila kipimo chochote. Katika daftari aliandika sentensi moja, kwa Kifaransa kizuri, kwamba kivuli hakipo. Akaketi kwenye kigoda akaanza kuchambua sombe kwa hasira.

Babu yake mzaa mama alikuwa pale chini ya mwembe. Mzee huyo alikuwa kantonye, mfanyakazi wa kutunza njia ya reli, miaka mingi kabla ya kustaafu. Shule yake iliishia msingi. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kufikiri kumwuliza swali la trigonometria, na neno lenyewe hawezi kulitamka bila kucheka.

“Shule imekukosea nini leo, mama?” akauliza.

“Nkambo, wametuambia tupime kivuli, na kivuli hakiko.”

“Saa ngapi?”

“Saa sita na nusu.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Umekwenda kumtafuta mtu saa ambayo hayuko nyumbani. Siku hizi ni za jua la utosi. Sisi kwenye njia tulizijua: mwisho wa mwezi wa pili, na tena katikati ya mwezi wa kumi. Saa hiyo fito la kupimia ukilisimamisha wima halina kivuli. Ngoja jua lishuke.”

Mzee alikuwa na haki, na ramani inamtetea. Kamina iko kusini ya ikweta kwa digrii karibu 8 na robo tatu. Kila mwaka jua la mchana linapita juu kabisa ya mji huu mara mbili, kuelekea 26 Februari likipanda kaskazini, na kuelekea 16 Oktoba likirudi kusini. Lubumbashi, iliyo chini zaidi, inapata zake kuelekea 18 Februari na 24 Oktoba. Hata ile nusu saa baada ya saa sita ina maelezo yake. Saa za mkoa zinafuata mstari wa longitudo 30, na Kamina iko karibu na 25, hivyo jua linatufikia kwa kuchelewa dakika kama 20, na mwezi wa Februari linajichelewesha lenyewe dakika 13 nyingine. Saa sita na dakika 33 hivi, ndipo lilikuwa juu ya utosi wa binti yule. Kama angetafuta kwa makusudi dakika mbaya kuliko zote za mwaka, asingeipata vizuri zaidi.

Vitabu vingi vya hesabu vinavyotumika huku viliandikwa na watu wa Ulaya, kwa watoto wa Ulaya. Kwao jua la mchana halifiki utosini hata siku moja. Kivuli kipo daima, nacho kinalala kaskazini. Mwandishi wa kitabu hakuwa na sababu ya kuonya. Hata hivyo kisa cha kivuli kupotea ni cha zamani sana. Eratosthenes, aliyeishi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alisikia kwamba kule Syene, mji ambao leo unaitwa Aswan, kuna siku moja mwezi wa Juni jua linaangaza mpaka chini ya kisima. Kwa kulinganisha na kivuli cha Alexandria siku kama hiyo, akakadiria mzunguko wa dunia nzima. Kamina ingemfaa kuliko Syene: yeye alikuwa na siku moja, sisi tuna mbili.

Mzee hakumtaja Eratosthenes, wala hakumjua. Alichomoa fimbo kwenye ua, akaipima kwa mita ya binti na kuikata iwe mita moja kamili, akasema: “Twende na hii. Tukifika unaisimamisha wima. Kivuli cha fimbo kikitoshana na fimbo, kivuli cha bendera kimetoshana na bendera. Hapo pima.”

Walikwenda wote wawili, mzee amekaa nyuma ya kinga, binti anakanyaga. Mlinzi wa shule aliwafungulia baada ya maneno kidogo. Kivuli cha fimbo kilikuwa kinarefuka polepole upande wa mashariki: sentimita 80, 90, 95. Saa tisa na dakika 35 kilifika mita moja. Binti akakimbia na mita chini ya mlingoti kabla kivuli hakijaongezeka. Mita 6 na sentimita 40.

Usiku ule, kwa taa ya jua, ndipo jambo lenyewe lilipofunguka. Hata mzee hakuwa amelitegemea. Binti alikuwa anaogopa kwamba mwalimu atakataa, maana fimbo haimo kwenye kanuni. Kwa mazoea akachora: mlingoti umesimama, kivuli kimelala, mstari wa kuegama unaunganisha ncha mbili. Pande mbili ziko sawa. Basi pembe ya chini ni 45. Akaiuliza simu tanjenti ya 45, baada ya kuitega kwanza kwa sinusi ya 30. Simu ikajibu: 1.

Kivuli mara 1. Fimbo ya babu ilikuwa ndani ya kanuni tangu mwanzo.

Kwa mara ya kwanza tanjenti ikawa kitu anachoweza kukisema kwa maneno ya nyumbani: ni mara ngapi kitu kilichosimama kinakizidi kivuli chake. Jua likiwa chini, kivuli kirefu, tanjenti ndogo. Jua likipanda, kivuli kinafupika, tanjenti inakua. Na jua likiwa utosini kabisa, ukigawa urefu kwa kivuli ambacho ni sifuri, hakuna jibu. Kikokotoo cha simu alipokidai tanjenti ya 90 kiliandika kosa. Binti akacheka peke yake, kwa sababu kosa lile alikuwa amelizunguka mara mbili kwa miguu yake mchana.

Kesho yake alirudi kuhakikisha. Saa nane na nusu hivi, akiwa kwenye ncha ya kivuli, raporta ilisoma digrii 60 na kivuli kilikuwa mita 3 na sentimita 70. Tanjenti ya 60 ni 1.732. Zidisha: mita 6.41. Tofauti ya sentimita moja na jana, na uzi wa raporta ulikuwa unayumba kwa upepo.

Ijumaa mwalimu alipokea madaftari, mengi yakisema mita 8 na moja likisema 6.40 pamoja na mchoro wa fimbo. Darasa lake lina watoto wanaobanana watatu kwenye dawati moja, na hakuna mwalimu anayeweza kumfuata kila mmoja mpaka uwanjani. Lakini hili alilifuata. Alitoka nje akatazama bomba la chuma, akarudi, akauliza ni nani kati ya wale wa mita 8 aliyepima. Kimya kilikuwa kirefu. Binti akapata 8 juu ya 10. Alama mbili zilikatwa kwa sababu hakuandika vipimo vyake katika jedwali. Mwalimu alikuwa na haki pia.

Baada ya hapo fizikia ikahamia chini ya mwembe, na huko mzee alikuwa na mengi zaidi ya kusema. Lugha ilileta taabu kwanza. Shuleni, kwa Kifaransa, kuna “force”, kuna “puissance”, kuna “énergie”, vitu vitatu vyenye vipimo vitatu. Nyumbani vyote ni nguvu: nguvu ya ng’ombe, nguvu ya injini, nguvu ya umeme, nguvu ya chakula. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili au kwa Kiluba anaingia darasani akiwa na neno moja mkononi na kuambiwa achague kati ya matatu. Watanzania katika vitabu vyao wamejaribu kutenganisha, wanasema kani kwa ile inayosukuma na kuvuta, na nishati kwa ile inayotumika na kuhifadhiwa. Ni maneno mazuri, ingawa sokoni Kamina ukisema kani watu watadhani umekosea kusema kuni. Nyumbani kwa mzee walikubaliana kusema “msukumo” kwa ya kwanza na kuendelea na kazi.

Zoezi lilisema hivi: wagoni ya tani 20 iko kwenye mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 1,000. Ni msukumo gani unaivuta kushuka? Binti alichukua uzito, akauzidisha kwa kosinusi, akapata karibu newtoni 200,000. Akasoma jibu kwa sauti. Mzee akataka kujua hizo newtoni 200,000 ni sawa na nini.

“Kilo moja ni newtoni kama 10, Nkambo. Kwa hiyo ni sawa na kuinua kilo 20,000.”

“Kilo 20,000 ni wagoni yote. Umeniambia mteremko mdogo hivi unaivuta wagoni kama vile imening’inia kwenye kamba. Kama ingekuwa hivyo, hata sabo za chuma tulizoweka mbele ya magurudumu zingekuwa unga.”

Alikuwa hajui kosinusi, ila alijua jibu haliwezi kuwa hilo. Binti akarudi kwenye mchoro. Sehemu kubwa ya uzito inakandamiza reli. Hiyo ndiyo ya kosinusi. Sehemu ndogo inavuta kushuka. Hiyo ya sinusi. Kwa mteremko wa 10 kwa 1,000, sinusi ni kama 0.01. Newtoni 200,000 mara 0.01 ni 2,000, sawa na kuinua mifuko minne ya saruji ya kilo 50. Mzee akatikisa kichwa: hiyo ndiyo anayoijua. Wanaume wachache wanaweza kuizuia kwa mabega wagoni isipate mwendo. Lakini ukiiacha bila sabo inaanza yenyewe, polepole, na ikishaanza kukimbia hao wanaume wakae mbali.

Mteremko wa reli unaandikwa hivyo, kwa mita ngapi juu ya elfu moja, na kantonye yeyote anausoma kwenye vibao vya kando ya njia. Ni tanjenti. Mzee alikuwa amefanya kazi na tanjenti maisha yake yote bila mtu kumwambia jina lake.

Siku ya zoezi la breki hakucheka. Swali lilitaka umbali wa kusimama: treni inakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na breki inapunguza nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde. Binti akapata mita 100. Sehemu ya pili ya swali ilizidisha mwendo mara mbili, kilomita 72 kwa saa. Alitegemea mita 200. Hesabu ikamletea 400. Akahesabu upya akidhani amekosea.

“Hujakosea,” mzee akasema. Akakaa kimya kidogo, halafu akataja Katongola. Aprili 2014 treni ya mizigo iliyobeba na watu iliacha reli huko, si mbali sana na Kamina, na makumi ya watu wakafa. Wakaaji wa mji huu wanakumbuka. Mzee hakusema sababu ilikuwa nini, wala haikuwa kazi yake kuisema. Alisema tu kwamba mwendo ukiwa mara mbili, njia ya kusimama inakuwa mara nne, na kwamba yeye alilijua jambo hilo kwa kuangalia alama za magurudumu kwenye reli, ila hakuwahi kuliona limeandikwa. Akaomba aonyeshwe tena mahali ambapo ile mbili inageuka kuwa nne. Binti akamwonyesha: mwendo unazidishwa kwa mwendo. Mzee akakifuata kwa kidole chake kikubwa, mstari kwa mstari.

Tangu hapo kila mtu alikuwa na sehemu yake. Jirani mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Kamina, ambaye binti anamwita Yaya, alikuwa akipita Jumamosi kusahihisha uandishi, maana kwenye mtihani wanaosoma ni walimu na wanataka Kifaransa na vipimo mahali pake. Mzee alibaki na swali lake moja tu kwa kila jibu: hiyo ni sawa na nini? Hakuna aliyelipwa, isipokuwa Yaya aliyekula bukari na samaki kila alipokuja.

Pasaka ilikuta wino mwekundu mmoja. Hesabu 58. Fizikia 47, nayo inatakiwa 50. Mama alikaa na karatasi ile muda mrefu, akaipindua kama anayetafuta bei nyuma yake. Binti hakusema kitu. Mzee naye, kwa mara moja, hakusema kitu.

“Kutoka 31,” mama akasema mwishowe. “Cherehani itangoja mpaka Juni.”

Juni fizikia ilikuwa 55. Siku zile zile, kiangazi kimeshika na anga halina wingu, Yaya na binti walifanya mchezo wao wa mwisho wa mwaka. Walihesabu kwanza kwenye karatasi: tarehe 21 Juni jua liko mbali kaskazini, digrii 23.4, na Kamina iko kusini kwa 8.7, ukizitoa zote mbili katika 90, jua la mchana halipandi zaidi ya digrii 58 hivi. Fimbo ya mita moja itatupa kivuli cha sentimita 63, kikilala kusini. Saa sita na dakika 22 wakasimamisha fimbo ya mzee. Kivuli kilikuwa sentimita 64, na waliulizana sana ni ya nani ile sentimita moja. Mzee alisema ni ya fimbo, kwa sababu aliikata kwa panga.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, binti aliingia mwaka wa mwisho, ule wa mtihani wa serikali. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wamesikia habari za kivuli, na kumi hivi walizoea kumfuata baada ya masomo na maswali yao. Aliwaahidi kuwaonyesha kwa macho. Juu ya kipande cha ubao cheusi kilichowekwa barazani akaandika tarehe: 16 Oktoba.

Siku ilipofika, mvua za kwanza zilianza saa nne asubuhi na hazikukatika. Saa sita na nusu watoto walikuwa wamebanana barazani na fimbo ya mita moja, wakitazama mlingoti unaotiririka maji na bendera iliyoshikamana nao. Mmoja aliuliza kama kivuli kipo au hakipo. Mwingine akamjibu kwamba leo hata jua lenyewe halipo.

Binti akafuta ubao kwa kiganja, akaandika: 26 Februari.